Mwanasheria katika Udhibiti wa Usafiri wa Anga na Maadili ya Utumishi wa Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sheria, mawakili wachanga na watumishi wa umma wa Dar es Salaam wanaofikiria kuingia katika fani hii, au ambao tayari wamo na wanataka kuielewa vizuri zaidi. Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Mengine ni ya sentensi chache kwa kuwa hakuna mengi ya kusema.

Mwanasheria wa udhibiti wa usafiri wa anga hufanya kazi gani hasa?

Wengi hudhani kuwa kazi hii ni ya kesi za ajali na mizigo iliyopotea. Kesi hizo zipo, ila ni sehemu ndogo. Muda mwingi hutumika mezani: kuandika rasimu za kanuni, kupitia maombi ya leseni za huduma za usafiri wa anga, kuwashauri wakaguzi kuhusu hatua wanazoruhusiwa kuchukua wanapokuta kasoro, kuandaa hati ya kusimamisha au kufuta cheti, kuchambua mikataba ya ununuzi wa mitambo ya kuongozea ndege, na kukaa upande wa serikali inapojadiliana na nchi nyingine kuhusu haki za kutua na idadi ya safari kwa wiki.

Mzizi wa yote hayo ni Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, ambao ibara yake ya kwanza inatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga la ardhi yake, na ambao viambatisho vyake 19 ndivyo vinavyobeba viwango vya leseni za marubani, uendeshaji wa ndege, uongozaji wa safari, viwanja, uchunguzi wa ajali na mengineyo. Hapa nchini viwango hivyo hupata nguvu ya kisheria kupitia Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni zake, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo makao yake yapo Banana, Ukonga, kandokando ya Barabara ya Nyerere.

Mwanasheria anayeanza mara nyingi hupata fedheha ndogo ya kugundua kwamba mkaguzi aliyekaa naye mezani, ambaye ni rubani au mhandisi wa ndege, anazijua kanuni kuliko yeye. Hilo ni jambo la kawaida na lisimtie unyonge. Kinachotarajiwa kwake ni kujua mpaka wa mamlaka, yaani nani anaweza kuamua nini, baada ya kumsikiliza nani na kwa maandishi ya aina gani.

Njia ya kufika huko ni ipi?

Ni ile ile ya kila mwanasheria wa Tanzania Bara mwanzoni. Unahitaji shahada ya kwanza ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, na cha zamani zaidi miongoni mwa vyuo hivyo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, ambacho kilikuwa cha sheria. Baada ya hapo hufuata mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria Tanzania, kisha maombi ya kuapishwa na Jaji Mkuu kuwa wakili. Nafasi nyingi za uafisa sheria katika taasisi za umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Baada ya hapo njia huachana. Wapo wanaoanzia kwenye mamlaka ya udhibiti yenyewe, wapo wanaopitia Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali au Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018 kusimamia mashauri ya serikali, na wapo wanaoanzia katika kampuni binafsi za mawakili katikati ya jiji, zinazoshughulikia ukodishaji wa ndege na bima. Kwa maoni yangu, miaka michache ya kuendesha mashauri mahakamani kabla ya kuingia kwenye udhibiti ina faida kubwa, kwa kuwa uamuzi wa mdhibiti hauwezi kuandikwa vizuri na mtu ambaye hajawahi kuona jinsi uamuzi unavyochambuliwa na kubomolewa mbele ya jaji.

Je, shahada ya uzamili ya sheria ya anga ni lazima?

Si lazima. Inasaidia, na wanaotaka kuisoma kwa kina huelekea McGill mjini Montreal, ambako taasisi ya sheria ya anga ipo tangu mwaka 1951 na ambako ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), au Leiden nchini Uholanzi. Kabla ya kufikiria ada za huko, hata hivyo, ulizia kozi fupi za Chuo cha Usafiri wa Anga hapa hapa Dar es Salaam. Mwanasheria aliyekaa darasani pamoja na waongoza ndege hujifunza mambo ambayo hakuna profesa wa sheria atakayemfundisha.

Ni ofisi zipi zinazohitaji wanasheria wa fani hii?

Ukiacha TCAA, wapo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, Wizara ya Uchukuzi, Kampuni ya Ndege Tanzania, Wakala wa Ndege za Serikali ambao humiliki ndege na kuzikodisha kwa kampuni hiyo, mashirika binafsi ya ndege, kampuni za kuhudumia ndege na mizigo viwanjani, kampuni za bima na mabenki. Katika ngazi ya Afrika Mashariki lipo shirika la Jumuiya linalosimamia usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, lenye makao yake Entebbe. Soko ni dogo, na udogo huo ndio chanzo cha maswali mengi ya maadili yanayofuata.

Kwa nini maadili ya viongozi wa umma yanatajwa pamoja na usafiri wa anga? Si fani mbili tofauti?

Kwenye vitabu ni fani mbili, lakini kwenye jalada la ofisini ni moja. Usalama wa abiria hutegemea sahihi ya mtu anayeweza kukataa, na mtu hawezi kukataa ikiwa yule anayeomba kibali ndiye aliyemlipia safari ya mwezi uliopita. Mwenye kutaka mfano asiende mbali, kwa sababu Tanzania inao mmoja unaofundishwa hata nje ya mipaka yake: ununuzi wa rada.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilinunua mtambo wa rada wa kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28. Mradi huo ulipingwa na Benki ya Dunia, na baadhi ya mawaziri wa Uingereza wenyewe waliupinga waziwazi. Tathmini ya kitaalamu ya ICAO ilionyesha kuwa bei ilikuwa kubwa kupita kiasi na kwamba mtambo wenyewe haukukidhi ipasavyo mahitaji ya usafiri wa anga wa kiraia. Baadaye ilibainika kuwa zaidi ya dola milioni 12 za Marekani zililipwa kwa kampuni za wakala aliyekuwa katikati ya biashara hiyo. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark mjini London, kampuni ilikiri kosa na kutozwa faini ya pauni laki tano, huku ikikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania, fedha ambazo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Jambo ambalo mwanasheria kijana anapaswa kulitazama kwa makini ni aina ya kosa lililokiriwa. Halikuwa kosa la rushwa. Lilikuwa kosa la kushindwa kutunza kumbukumbu za hesabu zinazoeleza sawasawa malipo yale yalikuwa ya nini. Shauri zima, pamoja na ukubwa wake, lilisimama juu ya daftari lisilojieleza. Ndiyo maana ninasisitiza kwa kila anayeniuliza kwamba kazi ya maadili katika sekta hii haianzii kwenye semina wala kwenye mabango ya ukutani. Inaanzia kwenye kumbukumbu za kikao, kwenye sababu zilizoandikwa za kuchagua mzabuni huyu badala ya yule, na kwenye barua inayoeleza nani alishauri nini na lini. Ukitaka kulinganisha, soma jinsi rada nne mpya za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe zilivyopatikana takriban miaka kumi na mitano baadaye, na ujiulize ni nyaraka zipi ungetaka kuziona kama ungeletewa jalada hilo.

Mgongano wa maslahi huonekanaje katika sekta hii?

Mara chache huja ukiwa bahasha ya fedha. Huja kama tiketi iliyopandishwa daraja la biashara bila kuombwa. Huja kama mwaliko wa kwenda kutembelea kiwanda cha ndege Ulaya, siku mbili za kazi na siku tatu za mapumziko, wakati mkataba wa ununuzi bado unajadiliwa. Huja kama shemeji anayerusha ndege za kampuni ambayo cheti chake kinakaribia kuisha muda. Na kwa kuwa marubani, wahandisi, waongoza ndege na wanasheria wa sekta hii nchini wanafahamiana kwa majina, wengi wao wakiwa wamesoma pamoja na wakikutana misibani na harusini, si jambo la busara kumwambia afisa ajitenge na kila anayemfahamu, maana atabaki hana wa kufanya naye kazi. Kinachowezekana, na ambacho sheria inakitaka, ni kutamka uhusiano huo mapema na kwa maandishi, kisha kukaa pembeni pale unapogusa uamuzi.

Hisa ni eneo linalosahaulika. Precision Air iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011, na Swissport Tanzania, inayohudumia ndege viwanjani, ilikuwemo humo tangu mwaka 2003. Mtumishi wa mdhibiti aliyenunua hisa chache za kampuni hizo miaka mingi iliyopita, pengine kwa nia njema ya kuweka akiba, anashauri leo juu ya tozo na leseni zinazogusa thamani ya akiba yake mwenyewe. Nchini Marekani suala hili limekatwa kwa kisu: watumishi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya shirikisho, FAA, pamoja na wenzi wao na watoto wao wadogo, hawaruhusiwi kumiliki hisa za mashirika ya ndege wala za watengenezaji wa ndege. Mimi ninaiona kanuni hiyo kuwa nzuri kuliko kumwachia kila mtu apime mwenyewe dhamiri yake, hasa kwa wakaguzi na wanasheria wanaowashauri.

Je, afisa sheria wa kawaida anatakiwa kutoa tamko la rasilimali na madeni?

Inategemea cheo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, Sura ya 398, inawahusu wale iliowataja kuwa viongozi wa umma, wakiwemo mawaziri, wabunge, majaji, makatibu wakuu, wakuu wa mashirika ya umma na wengine walioongezwa kwa mujibu wake. Kiongozi wa aina hiyo hutoa tamko ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka. Tamko hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili, ambaye huongoza Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chombo kinachotajwa katika ibara ya 132 ya Katiba. Malalamiko yanayothibitika kuwa na uzito husikilizwa na Baraza la Maadili.

Afisa sheria ambaye hayumo katika orodha hiyo bado anabanwa na Sheria ya Utumishi wa Umma pamoja na kanuni za maadili za utumishi, na anabanwa pia na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 31 kinashughulikia matumizi mabaya ya mamlaka bila kuuliza kama mhusika ni mkurugenzi au karani. Akiwa wakili aliyeapishwa, anayo pia maadili ya uwakili ya kujibu mbele ya Kamati ya Mawakili. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuulizwa jambo lile lile na vyombo vitatu au vinne, kila kimoja kwa kipimo chake.

Wazee waliotumikia serikali baada ya mwaka 1967 huzitazama sheria hizi kuwa laini. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na sheria ya mwaka 1995 ilikuja na mantiki nyingine kabisa, ya kumruhusu kiongozi kumiliki mali mradi aitamke. Mtu anaweza kubishana kuhusu lipi lilikuwa bora, lakini asichanganye mambo: chini ya mfumo wa sasa, kumiliki si kosa, kuficha ndiko kosa.

TCAA ni mdhibiti na wakati huo huo inatoa huduma za kuongoza ndege. Je, huo si mgongano wa maslahi wa taasisi yenyewe?

Ni hatari inayojulikana, na si ya Tanzania peke yake. Uganda mamlaka ya usafiri wa anga inaendesha hata kiwanja cha Entebbe, ilhali Afrika Kusini uongozaji wa ndege umekabidhiwa kampuni tofauti na mdhibiti. Hapa kwetu viwanja viko chini ya chombo kingine, jambo ambalo limepunguza uzito wa tatizo, lakini waongoza ndege na wakaguzi wanaowakagua bado wana mwajiri mmoja. ICAO hukubali mpangilio huo ikiwa majukumu yametenganishwa kiutendaji, na hapo ndipo mwanasheria anapohitajika: kuandika miundo inayohakikisha kwamba anayekagua hapewi maagizo wala kupimwa utendaji na anayekaguliwa, na kwamba ripoti ya ukaguzi haiwezi kuzimwa njiani.

Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika ya Tanzania kwenye orodha ya marufuku. Mwanasheria anahusika vipi?

Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Kampuni ya Ndege Tanzania kwenye orodha hiyo, na Juni 2025 ikapanua marufuku kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini. Tofauti kati ya hatua hizo mbili ndiyo inayopaswa kumshughulisha mwanasheria. Ya kwanza inalinyooshea kidole shirika. Ya pili inamnyooshea kidole mdhibiti, kwa maana kwamba wanaohoji hawaamini tena cheti kinachotolewa, hata kama ndege fulani mahususi ni salama kabisa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika taratibu za usimamizi wa uendeshaji wa ndege na ubora wake wa kuruka.

Kasoro za namna hiyo hazitibiwi na mawakili peke yao, lakini haziondoki bila wao. Mkaguzi hawezi kuajiriwa na kubaki ikiwa muundo wa mishahara ya umma unamlipa sehemu ndogo ya anacholipwa rubani. Hilo linahitaji marekebisho ya kisheria. Kasoro iliyoonekana na isiyofuatiliwa hadi kufungwa huashiria kuwa mamlaka ya kuchukua hatua ama hayakuandikwa vizuri, ama yameandikwa na hayatumiki. Na pale mdhibiti anapochukua hatua, shirika lina haki ya kupinga; rufaa dhidi ya maamuzi ya wadhibiti kama TCAA husikilizwa na Baraza la Ushindani, ambalo litauliza kwanza kama shirika lilipewa nafasi ya kusikilizwa.

Ajali inapotokea, mwanasheria wa serikali anasimama wapi?

Anasimama katikati ya michakato miwili ambayo haipaswi kuchanganywa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakapoteza maisha, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliofika kwanza, na ripoti ya awali ya uchunguzi haikuficha udhaifu wa huduma za uokoaji.

Uchunguzi wa namna hiyo hufanywa kwa kufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachosema kuwa lengo lake pekee ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au kuamua nani alipe. Chombo cha uchunguzi kipo wizarani, nje ya TCAA, na ni sahihi kiwe huko, kwa kuwa mdhibiti mwenyewe anaweza kuwa sehemu ya maelezo ya ajali. Nchi iliyosanifu na kuunda ndege, ambayo kwa ndege ya ATR ni Ufaransa, ina haki ya kutuma wawakilishi. Mwanasheria wa serikali hulinda mipaka hiyo: maelezo ambayo mhudumu wa ndege au mwongoza ndege ameyatoa kwa wachunguzi yasigeuzwe kiurahisi kuwa ushahidi wa kumshtaki, kwa sababu siku yatakapogeuzwa, hakuna atakayesema ukweli katika ajali inayofuata. Katika nchi ambayo wanasiasa hupenda kutangaza wahusika kabla jua halijazama, kazi hii inahitaji moyo.

Mchakato wa pili ni wa fidia. Kwa safari za kimataifa unatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao tangu tarehe 28 Desemba 2024 umeweka kiwango cha 151,880 katika haki maalumu za utoaji (SDR), kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila abiria aliyefariki au kujeruhiwa. Hadi kiwango hicho shirika haliwezi kujitetea kwa kusema halikuwa na uzembe. Kipande cha ndani ya nchi kinachounganishwa na safari ya kimataifa kwa mkataba mmoja wa usafirishaji kinaweza kuingia humo pia, hivyo wakili wa familia aanze kwa kuuliza tiketi ya marehemu ilikuwa ya kutoka wapi hadi wapi. Ibara ya 35 inatoa miaka miwili tu ya kufungua shauri, na majadiliano marefu na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo.

Je, ninaweza kuacha kazi serikalini na kuhamia shirika la ndege nililokuwa nikilidhibiti?

Unaweza, na wengi duniani kote hufanya hivyo. Ndiyo njia mojawapo ya ujuzi kuzunguka. Tatizo ni unachokwenda nacho na unachoanza kukifanya ukiwa bado hujaondoka. Afisa anayejua kuwa kazi inamsubiri upande wa pili hupunguza ukali bila hata kujitambua.

Marekani imeshughulika na jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya kashfa ya Watergate, Bunge la nchi hiyo lilitunga mwaka 1978 sheria ya maadili ya serikali iliyounda ofisi maalumu ya maadili, na sheria zake za jinai zinamzuia mtumishi wa zamani, kwa maisha yake yote, kurudi mbele ya serikali kumwakilisha mtu mwingine katika shauri mahususi alilolishughulikia mwenyewe. Kwa wakaguzi wa ndege iliongezwa kanuni ya mwaka 2011 inayozuia shirika la ndege kumtumia mkaguzi wa zamani wa FAA kama mwakilishi wake mbele ya mamlaka hiyo kwa miaka miwili, ikiwa alihusika kulisimamia shirika hilo. Hata hivyo kanuni hizo hazikuzuia yaliyotokea kwenye Boeing 737 MAX, ambapo sehemu kubwa ya kazi ya uthibitishaji ilikabidhiwa wafanyakazi wa mtengenezaji mwenyewe. Ndege mbili zilianguka, ya Lion Air Oktoba 2018 na ya Ethiopian Airlines Machi 2019 ikiwa njiani kuja Nairobi, na watu 346 wakafa. Ndege za familia hiyo hiyo, baada ya marekebisho, sasa zimo katika kundi la Kampuni ya Ndege Tanzania, kwa hiyo historia hiyo si ya watu wa mbali.

Kwa wakili wa Tanzania, ushauri wangu ni huu: siku unapoanza mazungumzo ya kazi, si siku unapoipata, mwandikie mkuu wako na uombe kuondolewa kwenye majalada ya mwajiri huyo mtarajiwa. Baada ya kuhama, siri ulizozipata serikalini zinabaki kuwa siri, na kanuni za uwakili zinakuzuia kugeuka dhidi ya mteja wa zamani katika jambo lile lile.

Nikiagizwa kuidhinisha kitu nisichokiamini, nifanye nini?

Toa ushauri wako kwa maandishi, wenye vifungu na tarehe, kwa lugha ya heshima isiyo na majigambo. Mkuu wa taasisi ana haki ya kuukataa ushauri, lakini hana haki ya kukutaka useme hukuutoa. Ikiwa agizo lenyewe ni la jinai, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na zipo TAKUKURU na Sekretarieti ya Maadili. Sitadai kuwa njia hiyo ni nyepesi; mtu anaweza kuwa na sheria upande wake na bado akajikuta amehamishiwa ofisi isiyo na kazi.

Zanzibar inahesabikaje?

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, hivyo TCAA inadhibiti pande zote mbili. Viwanja vya Zanzibar, hata hivyo, vina mamlaka yake, na viongozi wa Serikali ya Mapinduzi wana sheria yao ya maadili ya mwaka 2015 na tume yao. Uwakili nao si wa Muungano. Jalada linalovuka bahari lisomwe kwa tahadhari.

Mshahara ukoje?

Kampuni binafsi inayoshughulikia ukodishaji wa ndege italipa vizuri kuliko serikali. Serikali itakupa majalada ambayo kampuni binafsi haitayaona kamwe.

Nikiwa bado chuoni, nianze na nini?

Soma Mkataba wa Chicago wenyewe, ambao si mrefu, kisha Sura ya 80 na Sura ya 398 ukiziweka pamoja mezani. Fuatilia mashauri ya ndege zilizokamatwa nje kwa madeni ya serikali, kama Airbus iliyozuiwa Johannesburg Agosti 2019 na kuachiwa mwezi uliofuata kwa amri ya mahakama, na uchunguze hoja ya mamlaka ya mahakama ilivyojengwa. Soma pia Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 unaohusu dhamana juu ya ndege, kwa kuwa wakopeshaji wote huuliza juu yake. Jifunze kanuni za ndege nyuki (droni), eneo ambalo wakili mchanga wa Dar es Salaam anaweza kupata wateja wake wa kwanza, kuanzia wapiga picha wa harusi hadi wapima ardhi, wengi wao wakiwa hawajui kuwa wanahitaji kibali. Na uombe nafasi ya mafunzo kwa vitendo mapema, kwa barua iliyoeleza ni eneo gani la udhibiti unataka kujifunza, maana barua zinazosema tu kwamba mwombaji anapenda ndege ni nyingi sana.